Nakala za Kila Ijumaa

Mashine ya barua pepe ya Chama cha Wazazi wa Watoto Viziwi ilikaa stoo, kati ya mafagio na viti vilivyovunjika miguu, na aliyeitunza hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mhudumu wa ofisi. Alifagia, alichemsha chai, alipeleka barua za mkono mjini na kurudi, na tangu Mtaalamu, kijana aliyeiunda, alipopata kazi ng'ambo na kuondoka, yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Watu walimwita Mama Macho. Macho alikuwa binti yake wa pekee, mtoto asiyesikia hata radi lakini hakuna kilichompita mbele ya macho.

Mtaalamu alimwachia daftari lenye hatua kumi na moja. Ya kwanza: vua viatu, vumbi linaua mashine. Ya pili: sikiliza feni. Ya saba, iliyopigiwa mstari mara tatu: kila Ijumaa toa nakala ya barua zote. "Dada, hata ukisahau kula, nakala usisahau," alimwambia siku ya kuagana. Zamani chama kilitumia anwani ya bure. Siku moja ikafungwa bila maelezo, na barua za miaka sita zikaenda nayo. Ndipo Mtaalamu, ambaye mdogo wake ni kiziwi, akaunda hii ya kwao wenyewe kwa kompyuta kuukuu aliyopewa na ofisi iliyokuwa ikihama. Mama Macho aliishia darasa la tano. Lakini kusoma alijua, na kufuata alijua zaidi.

Ijumaa hiyo, tarehe kumi na mbili, alivua viatu saa nane kamili, akaingia. Feni ilikuwa inavuma kama nyuki waliokasirishwa. Akaifuta kwa kitambaa kikavu. Alipofika hatua ya saba akaandika maneno yaleyale ya daftari, herufi moja moja kwa kidole kimoja, akabonyeza, akangoja. Haikuchukua muda. Kwenye kioo likatokea neno moja: TAYARI. Akaitia hatua hiyo alama ya vema kwenye daftari.

Kisha akafungua sanduku la barua. Hakukuwa na barua mpya. Siku ya tisa hiyo.

"Umeona kitu?" Katibu aliuliza kutoka chumba cha mbele. Katibu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwahi kuinua kichwa akiongea.

"Hakuna kitu, dada."

"Hata wale wa dawa ya kuotesha nywele?"

"Hata wao."

"Basi tumesuswa. Nikiona mpaka matapeli hawatutaki, najua tumekwisha."

Mama Macho akacheka kidogo, kwa adabu, mkono mdomoni. Lakini moyo wake haukucheka. Shule ya bweni ya watoto viziwi ilikuwa moja tu. Ilichukua watoto wapya kila baada ya miaka miwili, thelathini na wawili, na haikumpokea mtoto aliyetimiza miaka kumi. Macho alikuwa na miaka tisa na miezi minane. Shule iliandikia vyama tu, si mzazi mmoja mmoja, nayo iliandika kwa barua pepe tu, na aliyepewa nafasi alitakiwa ajibu ndani ya siku saba. Wote waliambiwa majibu yatatoka mwanzoni mwa mwezi.

Ndiyo maana Jumatano ya wiki iliyopita, tarehe tatu, alikuwa ameingia stoo siku isiyo yake akatoa nakala ya ziada. Barua ya mwanawe ilikuwa njiani, na hakutaka chochote kipotee.

"Labda shule haijaamua," alisema.

"Labda," Katibu akajibu, akageuza karatasi.

*

Mume wake alikuwa fundi wa makochi na magodoro. Jioni alimkuta barazani amekaa chini, miguu kaitandaza, godoro jembamba mapajani. Macho alikuwa upande wa pili, akiipokea sindano ndefu kila ilipotokeza na kuirudisha kwa baba yake. Walishona hivyo bila kuangaliana, kama watu wanaokula sahani moja.

"Futi mbili na nusu kwa tano na nusu," alisema mume. "Kama fomu ilivyosema. Ila nimeongeza pamba ya pembeni. Mtoto akililalia hili atachelewa kengele, walimu waje kunilaumu mimi."

"Kengele ya nini kwa viziwi?"

"Eh, kweli. Sijui wanawaamshaje." Akafikiri. "Labda wanawavuta dole gumba la mguu. Mimi ndivyo ninavyomwamsha."

"Baba Macho, jibu bado halijaja."

"Jibu ni lao. Godoro ni letu."

Macho aliona midomo yao inatembea na akapiga goti la mama yake. Alitaka kuambiwa. Nyumbani walikuwa na ishara kama arobaini, walizozitunga wenyewe mwaka hadi mwaka: kula, maji, moto, njoo, acha, kesho ambayo ilikuwa shavu juu ya kiganja. Baba alikuwa sindano, mama alikuwa ufunguo. Zaidi ya hapo kulikuwa na giza. Mama Macho hakujua mwanawe aliota nini usiku, wala kama alimkumbuka bibi yake aliyefariki, wala nini kilimfanya siku moja alie tangu asubuhi mpaka mchana. Aliwahi kuwaona wanafunzi wa shule ile kwenye mkutano wa wazazi. Walibishana kwa mikono, wakasengenyana, wakachekeshana mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Alitoka nje akajifanya anatafuta choo, akalia.

Akamfanyia ishara: wewe, kulala, kulala, kulala. Bado siku chache. Macho akaitikia kwa kichwa, kwa furaha, akairudia ile sindano.

*

Jumatatu asubuhi Baba Pacha aliingia ofisini bila kubisha. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, shati limejaa matundu ya cheche. Mapacha wake wa kiume walikuwa na miaka saba, mmoja anasikia na mwenzake hasikii.

"Shikamoo dada," alimwambia Katibu, kisha akamgeukia Mama Macho aliyekuwa na ndoo mkononi. "Shemeji, mnatuficha nini hapa?"

"Tunaficha nini tena, shemeji?"

"Mke wa kaka yangu yuko chama cha kule kwao. Wao walipata barua ya shule tarehe nne. Tarehe nne, shemeji. Watoto wameshanunuliwa na sare. Mimi kila nikipita hapa naambiwa hakuna kitu."

Katibu akainua kichwa. Akachukua simu, akatafuta namba ya shule, akaiweka mezani ili wote wasikie. Iliita sana kabla karani hajapokea.

"Chama gani? Ngojeni." Karatasi zilisikika. "Eeh. Nyinyi mlipewa wawili. Msichana mmoja na mvulana mmoja."

Mama Macho akaiweka ndoo chini.

"Mbona hatujapata barua?" Katibu aliuliza.

"Tuliandika tarehe nne, ikarudi. Tukaandika tarehe nane, nayo ikarudi. Zimeandikwa kwamba huko kwenu hakuna nafasi, pamejaa. Alhamisi tukaandika ya mwisho."

"Si mngepiga simu, mwanangu?"

"Tulipiga, mama. Namba iliyo kwenye fomu yenu akapokea mtu akasema yeye anauza mkaa, kama tunataka gunia tuseme."

Katibu akafumba macho. Ilikuwa namba ya katibu aliyemtangulia.

"Na nafasi zenyewe?"

"Zimeshapata wenyewe. Ijumaa." Karani akangoja kidogo. "Poleni," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba kweli amesikitika na kwamba ana kazi nyingine.

Baba Pacha alikuwa anamtazama Mama Macho, bila ukali, kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake alioukuta wazi.

"Pamejaa nini?" aliuliza polepole. "Kila siku unasema hakuna kitu. Limejaaje sanduku lisilo na kitu?"

Mama Macho alivua viatu, akaingia stoo.

*

Mtaalamu alipokea simu akiwa kazini. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakisema lugha nyingine.

"Feni inavuma?"

"Inavuma kwa nguvu."

"Sawa. Diski ya pembeni, ile nyeusi ya nakala niliyochomeka nyuma. Taa yake inawaka?"

"Haipo hiyo."

"Haipo vipi?"

"Mwenyekiti aliichukua. Ilikuwa baada ya harusi ya binti yake, alitaka kuhamishia video. Alisema siku mbili."

"Lini hiyo?"

"Miezi mitatu kasoro."

"Dada, na nakala ulikuwa unaziweka wapi muda wote huo?"

"Nilimuuliza Mwenyekiti. Akasema niandike tu kama kawaida, mashine itajua pa kuweka. Nimefuata daftari. Kila mara inanijibu tayari."

"Ile tayari," Mtaalamu alisema, "niliiandika mimi. Nilikuwa na haraka ya kuondoka. Inasema tayari mwishoni hata kama imeshindwa. Sikuiwekea sharti."

Akamweleza taratibu, na Mama Macho alielewa, maana hakuwa mtu wa kutoelewa. Diski ilipoondolewa, mashine haikukataa kazi. Ilichukua nakala ikaitia tumboni mwake yenyewe. Kila Ijumaa yeye alikuwa akiilisha barua zake zilezile, upya, zote, mpaka ikashiba, ikafunga mdomo, na barua yoyote iliyogonga kutoka nje ikaambiwa hakuna nafasi, rudi.

"Uliniambia ikizidiwa itatoa onyo."

"Inatoa. Inaandika barua pepe."

"Kwa nani?"

"Kwa sanduku hilohilo la chama," alisema.

Alimsomea maneno ya kuandika ili aone zile nakala. Zilijipanga kwenye kioo, kila moja na tarehe yake. Kumi na moja zilikuwa nzima, Ijumaa kwa Ijumaa. Ya kumi na mbili ilikuwa imekatika katikati. Mbili za mwisho zilikuwa tupu. Mama Macho akaweka kidole kwenye ile iliyokatika na kuisoma tarehe yake. Jumatano, tarehe tatu. Akaisoma tena. Ilikuwa ile ya ziada, siku moja kabla ya barua ya shule.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Sasa futa ya kwanza kabisa. Usiogope. Futa."

Akaifuta. Kwa dakika moja hakikutokea kitu. Kisha barua zikaanza kudondoka sandukuni, zile zilizokuwa bado zinabisha hodi huko nje. Ya kwanza ilikuwa ya dawa ya kuotesha nywele. Ya pili ilikuwa tangazo la semina iliyokwisha fanyika. Ya tatu ilitoka shuleni, na ilikuwa fupi kiasi kwamba hakuhitaji hata kushuka na kipanya. Kwa kuwa hatukupata jibu lenu ndani ya siku saba, nafasi za watoto wafuatao zimetolewa kwa wengine. Jina la mwanawe lilikuwa la kwanza, limeandikwa bila kosa hata moja.

*

Mwenyekiti alikuja mchana, ananukia vizuri, akasalimia kila mtu kwa mkono. Alisikiliza mpaka mwisho akiitikia kwa kichwa.

"Ni jambo la kusikitisha sana," alisema. "Mimi nilisema siku mbili, sikatai. Lakini mtu mzima ana mambo mengi, akisahau hukumbushwa. Nani alinikumbusha?"

Katibu alimtazama Mama Macho. Huyu alitazama sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi. Alikuwa amekwenda kumkumbusha mara mbili. Mara ya kwanza alifika mlangoni akamsikia anaongea na simu, akarudi. Mara ya pili mlango ulikuwa wazi na Mwenyekiti alikuwa peke yake, anasoma gazeti. Alisimama pale na sinia la chai, maneno yako tayari mdomoni, naye akamwambia "weka hapo" bila kuinua macho. Akaweka hapo. Hivyo tu. Hilo angelisemaje mbele ya watu?

"Na diski iko wapi sasa?" Katibu aliuliza.

"Ipo kwenye gari. Ipo salama kabisa."

"Kwenye gari," Katibu alirudia. "Hapo nje."

"Tusitafute mchawi," alisema Mwenyekiti. "Lakini tukubaliane, kazi ya kitaalamu tulimpa mtu asiye mtaalamu. Huruma zetu hizi. Mama, naomba huo ufunguo. Kwa muda tu, mpaka tupate mtu. Nami nitaiandikia shule barua ya kuomba radhi, yenye mhuri."

"Mtu wa kulipwa na mfuko gani?" Katibu alisema, lakini hakuna aliyemjibu.

Ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni. Mama Macho aliinama kuuvua, ukanasa kwenye kitambaa cha kichwa, na ikambidi Baba Pacha asogee amsaidie, vidole vyake vigumu vikihangaika na fundo mbele ya watu wote.

Walipotoka nje Mama Macho alimngoja amtukane. Angeshukuru.

"Wangu ana saba," Baba Pacha alisema. "Miaka miwili si mingi, atangoja. Ila wako wewe, shemeji." Akakohoa, akatazama barabara. "Nikifika nyumbani nitamwambia mama watoto kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Basi. Sitataja mtu."

Akaondoka. Ingekuwa rahisi zaidi kubeba matusi.

*

Mume alisikiliza yote akiwa amesimama, sindano ikining'inia kwa uzi kifuani.

"Kwa hiyo ungefanya uvivu, barua ingefika," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekuwa mmoja wa wale wanaolala mchana."

"Ndiyo, baba Macho."

Hakumpigia kelele. Alikaa kitako, akamalizia upindo uliobaki, akakata uzi kwa meno. "Shule inafungua Jumatatu ijayo," alisema baadaye. "Watoto thelathini na wawili. Hujawahi kuona shule ambayo wote wanafika. Mmoja ataumwa, mwingine nauli itakosekana. Kitanda kikibaki wazi, nani atakuwa amesimama hapo? Sisi."

"Tumwache Macho kwa jirani siku hiyo. Twende wawili kwanza."

"Tukaombe kitanda bila mlalaji? Karatasi ni karatasi. Wamwone mtoto mwenyewe."

"Atadhani tumempeleka akae."

"Basi tumuombee awe amedhani sawa."

Mama Macho alijua halikuwa wazo zuri. Lakini tangu asubuhi ile hakuwa na nguvu ya kupinga wazo la mtu yeyote.

Siku hiyo walifika shuleni saa tatu asubuhi, godoro limefungwa kamba kichwani mwa baba. Getini palijaa wazazi na magodoro. Macho alisimama akatazama yale magodoro, akalitazama lao, na uso wake ukafunguka kama dirisha. Halafu akaona watoto. Wakubwa walikuwa uwanjani wanapokea wageni, mikono inaruka hewani, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Alichomoa mkono wake mkononi mwa mama na kukimbia.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Aliisoma barua ya Mwenyekiti, akaupapasa mhuri kwa kidole gumba.

"Nimekuelewa, mama. Nimekuelewa kabisa. Lakini nina vitanda thelathini na viwili. Nikimwingiza wako, nimtoe nani? Nenda kwenye mstari ule unichagulie."

"Tunangoja tu, mwalimu," alisema mume. "Kama kuna ambaye hatafika."

Mwalimu Mkuu aliwatazama wote wawili. "Nafunga daftari saa kumi jioni," alisema. "Asipofika mtu mpaka hapo, nitamwandika."

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na meza ya karani. Karani alipiga alama kila mtoto aliyeandikishwa. Kufikia saa sita walikuwa wamefika ishirini na watano. Saa nane, thelathini. Mama Macho hakujua kusali vizuri siku hiyo, kwa sababu alichokiomba hakikusemeka. Aliomba mtoto wa mtu apate homa, si kali. Aliomba basi liharibike. Kila aliyeingia na godoro, Mama Macho alimtazama kama mtu aliyekuja kumwibia, kisha akaona aibu akamsogezea nafasi akae.

Saa tisa walikuwa thelathini na mmoja.

"Nilikwambia," mume alinong'ona. Mguu wake ulikuwa unacheza.

Macho alikuja mara moja, anatoka jasho, ameshikana mkono na msichana mkubwa. Alitaka kuwaonyesha kitu. Akagusa kidevu akapeleka mkono mbele. Akaunganisha vidole viwili. Akafungua viganja mbele ya kifua, kimoja juu ya kingine. Wao hawakujua maana yake. Yule msichana mkubwa akacheka, akamrekebisha kidole kidogo, naye Macho akaangalia kwa makini, akarudia sawasawa. Ishara tatu, tangu asubuhi. Nyumbani walihitaji mwaka mzima kutunga tatu. Wakakimbia tena.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, bibi mmoja alitokea mlangoni akivuta mtoto wa kike, viatu vyekundu kwa vumbi. Hawakuwa na godoro. Bibi alikuwa na fomu tu, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine.

"Hatujachelewa, baba?" alimuuliza karani. "Tumetembea kutoka njia panda. Nauli iliishia pale."

"Hujachelewa, bibi. Kaa kwanza. Godoro?"

Bibi akatazama chini. "Lilikuwa halijapatikana."

Karani akapiga alama ya thelathini na mbili. Kalamu ilitoa sauti ndogo sana.

Mume wa Mama Macho alisimama, akalibeba godoro, akaliweka miguuni mwa yule bibi. "Futi mbili na nusu kwa tano na nusu," alisema. "Ni kipimo chao." Akatoka nje upesi kabla hajashukuriwa. Mama Macho alimwona kupitia dirishani akiwa ameegemea ukuta, kichwa kimeinama, mikono yake isiyo na kitu imening'inia.

Ilibaki kumchukua mtoto.

Alimkuta bombani, anaosha uso pamoja na wengine. Akamfanyia ishara: njoo. Macho akakataa kwa kichwa, anatabasamu, akaonyesha bweni. Njoo. Nyumbani. Macho akaonyesha bweni tena, akaweka shavu juu ya kiganja. Mama akamshika mkono. Mtoto hakupiga kelele. Alitembea naye mpaka karibu na geti, kisha akasimama, akamtazama mama yake usoni kwa muda mrefu, akitafuta.

Mama Macho alipiga magoti. Alijionyesha kidole: mimi. Alipiga kifua chake mwenyewe kwa ngumi: mimi, mimi. Lakini barua haikuwa na ishara. Mashine haikuwa na ishara, wala nakala, wala Jumatano, wala nafasi iliyotolewa kwa mwingine. Ili amwambie mwanawe kwa nini hawezi kukaa shuleni, ilibidi mtoto kwanza akae shuleni. Akabaki anajipiga kifua tu, na Macho akamshika ule mkono kuuzuia, kama mtu anayemwambia mwenzake asijiumize kwa jambo lisilo lake.

Kisha akatazama nyuma. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama ngazini, anaaga wazazi wa mwisho. Macho akachomoka. Alikwenda mpaka mbele yake, akasimama wima, miguu pamoja, kama alivyowaona wengine wakisimama asubuhi. Akafuta mikono yake kwenye gauni. Akagusa kidevu, akapeleka mkono mbele. Akaunganisha vidole viwili. Akafungua viganja mbele ya kifua, kimoja juu ya kingine, kidole kidogo kimenyooka sawasawa na alivyorekebishwa.

Mwalimu Mkuu alimjibu kwa mikono, neno refu, taratibu sana, na macho yake yakalowa. Macho hakulielewa. Aliona tu kwamba mwalimu hasogei kumpisha apite. Basi akarudi hatua moja nyuma, akafuta tena mikono, akaanza upya kutoka ya kwanza, polepole zaidi, kama mtu aliyekosea mtihani na kuruhusiwa kurudia.